Ngitili ya Kilomita Kumi na Moja

14 Juni

Leo nimekula nyama ya faini. Miaka tisa nimekuwa afisa mipango miji, kazi yangu kuwaambia watu wamejenga pasiporuhusiwa, na leo upande wetu ndio uliotozwa.

Mradi wenyewe ni yadi ya kuuzia magari: malori ya pamba, pikapu na matrekta. Mjini Bariadi hakuna eneo la kutosha, kwa hiyo inawekwa nje, kilomita kumi na moja barabara ya Maswa, kitongoji cha Mwanyagala. Mwekezaji anaitwa Paschal, mtu wa Arusha, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulipa. Wapima wake waliingia mwezi wa tatu, nyasi zikiwa kiunoni, wakasimika bikoni nane za mipaka bila kumwuliza mtu. Kumbe ile ni ngitili.

Paschal aliniuliza ngitili ni nini. Nikamweleza kwamba mvua zikianza eneo linafungwa, haingii ng'ombe wala mtu, nyasi zinaachwa zikue. Kiangazi kikikaza wazee wanalifungua kipande kwa kipande, kwanza ng'ombe wenye ndama na madume ya kulimia. Akasema, "Kumbe ni stoo." Nikamwambia ndiyo, stoo isiyo na mlango. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Mwandoya, hayo nimekua nayo.

Mwangalizi wa ngitili ni mzee Luhende, mfupi, sauti kubwa, anabishana hata na anayekubaliana naye. Yeye na wenzake walimtoza Paschal dume mmoja kwa kuingia wakati wa kufungwa. Wenyewe wanaita mchenya. Paschal hakubisha, akamleta dume kwenye pikapu. Akachinjwa, tukala wote pamoja, maana ndiyo kanuni: aliyekosa anakula na aliowakosea, na wakishakula hakuna ruhusa ya kulitaja kosa tena. Luhende alimpa Paschal nyama kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, majina arobaini na moja, mengi alama za dole. Na mimi nikasaini.

Nyama ilikuwa ngumu lakini nilirudia mara mbili.

15 Juni

Vumbi. Nimefua, nimelala.

17 Juni

Nimeandika taarifa ya eneo siku nzima. Mita thelathini za hifadhi ya barabara kutoka katikati ya lami. Njia ya kuingilia isogezwe mbali na mteremko, lori likitoka lisikutane na basi linaloshuka. Maji ya kuoshea magari na mafuta machafu yapitie shimo la kuchujia, yasiende kwenye lambo lililo chini. Taa zielekezwe ndani, zisiwapige madereva machoni. Vyoo vya wateja. Hata wauza vipuri wa mjini nimewafikiria. Kwenye matumizi ya sasa ya ardhi nimeandika: malisho ya akiba ya msimu.

Najisifu mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunisifu. Ni taarifa nzuri.

20 Juni

Mkuu wangu, Constantine, ameniita. Naandika hili vizuri kwa sababu linanikera na sijui kwa nini linikere kiasi hiki.

Constantine si mtu mbaya. Mama alipolazwa mwaka juzi, yeye ndiye aliyenipa gari la ofisi kumfuata Mwandoya, na hajawahi kunikumbusha. Leo alikuwa na muhtasari wangu wa mkutano wa Mwanyagala mkononi. Akasema neno faini lisionekane, maana mwekezaji hawezi kuingia kwenye kamati akiwa mkosaji. Niandike kwamba wananchi walipokea ng'ombe mmoja kutoka kwa mwekezaji. Nikamwambia ilikuwa faini. Akaniuliza kwa upole tu, "Lakini hawakupokea?"

Walipokea. Nikafuta. Akaomba pia "malisho ya akiba ya msimu" iwe "eneo la wazi", kwa sababu kwenye fomu hakuna aina ya ardhi yenye jina hilo. Nikafuta na hilo. Ilinichukua dakika mbili, chai yangu ilikuwa bado ya moto.

25 Juni

Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi limebandikwa. Siku thelathini za pingamizi, kwa maandishi. Moja liko ofisi ya kata, jingine kwenye nguzo pale pale Mwanyagala. Fundi amelielekeza barabarani. Wanaopita na magari wanalisoma, wa kitongojini wanaona mgongo wa bati.

2 Julai

Malori ya pamba mchana kutwa. Mtaani kwetu Somanda kila mtu anakohoa.

9 Julai

Mama amepiga simu kutoka Mwandoya. Lambo lao limebaki tope na ni Julai tu. Akasema majirani zao wa Kimali wameshaanza kutembeza ng'ombe mbali. Nikamwambia atanunua mashudu ya pamba awalishe. Akacheka, akasema nimekuwa mtu wa mjini.

19 Julai

Nimekwenda Mwanyagala kupima upya njia ya kuingilia, na kusema kweli nilikwenda pia kumwona Luhende. Zimebaki siku sita.

Nilimkuta zizini anamkagua dume jicho. Tulisalimiana, mwadila, mwadila, akaniuliza habari za mama yangu kana kwamba anamjua. Nikamwambia kama wana la kusema juu ya lile eneo, waandike barua sasa. Akanitazama kama nimemwomba aibe, kisha akaniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Niandike nini, ng'wanone? Mtu kaingia ngitili, tumemtoza, kalipa, tumekula naye. Nikiandika tena nitakuwa namtoza mara mbili. Watu watasema Luhende ana roho mbaya."

Nikasema labda yule mgeni hakuelewa hivyo. Akasema asingekubali kosa asingelipa, na mtu aliyekwisha kulipa hawezi kurudia. Wale waliokuwa karibu wakaitikia. Kwao jambo lilikwisha siku ile, na kumlalamikia Paschal baada ya kula naye ni aibu ambayo hakuna mzee pale angekubali kuibeba.

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni: baba, kwenye karatasi yetu haiitwi faini. Ningesema tu hiyo. Mkamwana wake, Nyamizi, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe, nikanywa. Nikamaliza, nikashukuru, nikaondoka. Nilijiambia nimewaonya. Nimeshawaonya, ndivyo nilivyokuwa nasema ndani ya gari mpaka Bariadi.

25 Julai

Siku thelathini zimeisha. Pingamizi: hakuna.

7 Agosti

Kamati imepitisha. Waliuliza kuhusu taa, mafuta machafu na njia ya malori, nikajibu yote. Mjumbe mmoja akasema taarifa kama hii hajaiona siku nyingi. Ngitili haikutajwa kwa sababu haikuwamo. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi mpaka jioni.

15 Agosti

Upepo. Mawingu ya vumbi.

21 Agosti

Greda limeingia Mwanyagala. Sikwenda. Nilikuwa na kazi nyingine, na kama nisingekuwa nayo ningeitafuta.

30 Agosti

Nimesikia wazee wameketi na kupanga siku ya kufungua. Watafungua ngitili wiki ijayo. Hawa watu wanapita pale kila siku, wanaliona greda, wanaiona moramu, na bado wamepanga siku. Nilimwuliza dereva wetu, naye ni mtu wa huku huku, wanafikiri nini. Akasema wanafikiri mgeni amekosea tena, atalipa tena na ataondoka.

6 Septemba

Nimekaa na daftari hili saa nzima kabla ya kuanza.

Nilikwenda kukagua kama uzio umeheshimu hifadhi ya barabara. Umeheshimu, mita thelathini kamili. Waya umezunguka eneo lote, ndani moramu imeshindiliwa nyekundu mpaka mwisho, na kontena la ofisi limeshushwa. Hakuna hata jani. Kilichosalia cha zile nyasi ni lundo kando ya uzio, kimechanganyika na udongo na mawe.

Saa tatu asubuhi wakaja. Kaya tisa, ng'ombe kama mia na ishirini, wenye ndama wametangulia kama kanuni inavyosema. Ng'ombe wa Kisukuma anaijua njia ya ngitili. Walikuja mbio wenyewe mita za mwisho, wakafika kwenye waya, wakasimama. Wa nyuma wakawasukuma wa mbele. Ndama mmoja alibanwa, Nyamizi akamvuta kwa masikio mpaka akatoka.

Luhende alimfuata Paschal kontenani. Hakupiga kelele, yeye ambaye hupiga kelele akiomba chumvi.

"Umelipa kosa, halafu ukalirudia?"

Paschal alishangaa, na niliuona mshangao wake, haukuwa wa kuigiza. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya muhtasari. "Mzee, si tulikubaliana? Nilileta ng'ombe, mkapokea, mkala, mkaweka dole. Mimi nilijua tumemaliza."

"Na sisi tulijua tumemaliza," Luhende akasema.

Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Halafu Paschal akanigeukia. "Dada Lukresia alikuwepo. Ndiye aliyeandika."

Wote wakanitazama, wanaume, wanawake, watoto wa kuchunga. Mtu pekee aliyekuwa anajua pande zote mbili zimeelewaje nilikuwa mimi, tangu mwezi wa sita. Nikasema, "Hili tutalizungumza ofisini." Basi. Nikaingia kwenye gari, nikaliona vumbi langu mwenyewe kwenye kioo cha nyuma.

7 Septemba

Kanisani sikushiriki komunyo. Flora, mpangaji mwenzangu, akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

14 Septemba

Dereva anasema Mwanyagala wameanza kupoteza ng'ombe. Wawili.

19 Septemba

Sita. Jua tu.

23 Septemba

Nimepita pale kwa basi, sikushuka. Nyamizi alikuwa juu ya jiko lake anaezua nyasi za paa, anazitupa chini, na madume mawili yanazila zikiwa na masizi. Jirani amefanya vilevile. Mabua ya mahindi yalikwisha wiki iliyopita.

Nilikuwa nikimwona Luhende kichekesho. Nimeandika hapo juu anabishana hata na anayekubaliana naye. Sasa naona ndiye mtu pekee katika jambo hili aliyefanya kila kitu kama alivyosema atafanya. Alisema yamekwisha, akayaacha yakaisha, kwa siku thelathini zote. Sisi wengine tulikuwa tunahesabu siku.

28 Septemba

Wa Mwanyagala wameandika barua wilayani. Kutakuwa na kikao cha malalamiko tarehe tatu. Constantine amenipitia mezani mara mbili, mara ya tatu akaniletea soda. Nimeamua. Nikiulizwa nitasema ilikuwa faini na mimi ndiye niliyelifuta neno. Nimeyaandika maneno yenyewe kwenye karatasi ndogo ili nisiyumbe.

3 Oktoba

Kikao kilianza saa nne. Wa Mwanyagala walikuja kumi na wawili, wamekaa benchi la nyuma, Luhende amevaa koti zito katika joto lile. Mwenyekiti wa kikao, mtu mgeni kwangu, alisoma muhtasari wote kwa sauti, mpaka majina ya chini. Akamwuliza Luhende.

Ng'ombe mlipokea? Tulipokea. Mlikula? Tulikula. Hii alama ni ya dole lako? Ni langu. Mwenyekiti akafunga jalada na kuuliza sasa wanalalamikia nini. Nilimwona hana haraka wala ubaya, alikuwa anafuata karatasi, na karatasi ilikuwa yangu.

Luhende akasimama tena. "Ilikuwa mchenya, faini ya kuingia ngitili. Mwulizeni huyu mama wa ofisi. Alikuwepo."

Nikaulizwa. Constantine alikuwa anaitazama kalamu yake. Karatasi yangu ndogo ilikuwa mfukoni, nimeishika. Nikafikiria kodi ya nyumba na dawa za mama. Nikafikiria gari lile la ofisi lililokwenda Mwandoya. Hayo yote yalipita kwa muda wa kumeza mate, kisha nikajisikia nikisema, "Muda umepita. Sikumbuki vizuri ilivyosemwa."

Luhende akakaa. Akamwambia Nyamizi kwa Kisukuma, bila hasira, nami nikasikia kwa sababu ni lugha yangu: asahau vipi, mbona alikula vizuri tu.

Malalamiko hayakuthibitika. Mwekezaji ameombwa aache njia ya mita sita kando ya uzio, ng'ombe wapite kwenda lambo. Lambo lilikauka Agosti. Kwenye ngazi Constantine alinishika bega, akasema nimeiokoa ofisi. Nilimchukia pale pale, na chuki haikunisaidia kitu, kwa sababu yeye hakuniambia niseme sikumbuki. Hilo nililitoa mwenyewe.

4 Oktoba

Sina la kuandika.

12 Oktoba

Kumi na tisa. Dereva haniambii tena mpaka nimwulize.

20 Oktoba

Yadi imefunguliwa. Pikapu kumi na nne, malori manne, zote nyeupe, zimepangwa zikitazama barabara. Kulikuwa na pilau na muziki. Paschal alinipokea kwa heshima na kuniambia ameajiri vijana watatu wa Mwanyagala kuosha magari, na aliwahi kupeleka magunia kumi ya mashudu, wazee wakayakataa. Hakuelewa kwa nini. Nilielewa: wakipokea ingekuwa kama kula naye tena, na wao wangefungwa mdomo tena. Sikumweleza.

Maji ya kuoshea yanapita kwenye shimo la kuchujia, kama nilivyoelekeza.

29 Oktoba

Leo nimeandika barua. Ukurasa mmoja. Nimesema dume alikuwa faini, nimesema eneo lilikuwa malisho ya akiba, nimesema nani aliyafuta maneno hayo na tarehe gani, na kwamba nilidanganya kikaoni. Nimempelekea Constantine.

Aliisoma hadi mwisho, akairudia. Kisha akasema kibali kimeshatoka, majengo yapo, magari yapo, muda wa rufaa umekwisha. Akasema, "Barua hii itamfukuza kazi mtu mmoja, Lukresia, na haitaotesha nyasi." Akairudisha upande wangu wa meza. Nikamwambia aisajili. Akasema ataisajili nikisisitiza kesho.

30 Oktoba

Nimesisitiza. Imesajiliwa, imewekwa jaladani. Sijaitwa na mtu.

6 Novemba

Matone. Yamelowesha vumbi, yakaacha. Ng'ombe waliodhoofika wakipigwa na mvua ya kwanza hawainuki. Wa Mwanyagala wamepoteza wanane kwa siku mbili.

13 Novemba

Mvua ya kweli, tangu asubuhi. Watu wa mjini wanacheka barabarani. Mama amepiga simu, anapanda. Nimeshindwa kufurahi naye.

21 Novemba

Nyamizi alikuja ofisini leo, miguu ina tope mpaka magotini. Nilidhani amekuja kwa ajili ya barua yangu, kwamba imefika mahali. Hakuwa na habari ya barua yoyote. Aliniamkia mwangaluka, akaniuliza ofisi ya mifugo ni mlango upi.

Mumewe anahama. Ng'ombe wao walikuwa ishirini na mmoja, wamebaki saba, na wa ndugu zake watatu jumla kumi na mmoja. Wanawakusanya pamoja na kuwapeleka upande wa Katavi kwa mwaka mzima, labda zaidi. Kunahitajika kibali cha kusafirisha mifugo. Yeye atabaki na watoto na mzee. Mzee hatoki ndani siku hizi, akasema, hagombani na mtu.

Nikamwomba akae. Hakukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, mlango uko wazi, watu wanapita.

"Nyamizi, mimi ndiye niliyefuta neno faini."

"Tunajua, mayu," akasema, neno letu la mama. "Lilisomwa jina lako chini ya karatasi."

"Mbona siku ile hamkunisema?"

"Wengine walitaka. Baba mkwe alikataza. Alisema huyu tumekula naye."

Alisema hivyo kama anayejibu swali la njia. Sikuona chuki usoni mwake, wala msamaha. Alikuwa na mwendo mrefu wa kurudi na alitaka karatasi yake.

Nikampeleka mwenyewe. Afisa mifugo ni kijana mwenye adabu, anaitwa Mihayo. Akachukua fomu, akajaza jina, kitongoji, idadi, rangi, chapa. Sababu ya kuhama? Nyamizi akasema hakuna malisho. Akaandika. Kisha akauliza swali linalofuata, bila kuinua macho: kaya ina eneo la malisho ya akiba, yaani ngitili?

Fomu ya mifugo ina jina hilo. Limechapwa, kwa herufi kubwa. Fomu za mlango wa tatu kutoka kwangu, miaka yote hii.

"Hatuna," Nyamizi akasema.

"Walikuwa nayo," nikasema. "Mwaka huu huu walikuwa nayo, hekta sita, kilomita ya kumi na moja. Andika hivyo."

Mihayo akanitazama, akaitazama fomu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna nafasi. Alijaribu kweli. Akasema samahani dada, hapa pana ndiyo na hapana tu.

Nyamizi alikuwa anasubiri. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Mihayo akaweka alama kwenye hapana, akagonga muhuri, akampa.